Mkesha wa Bi Raya

Bangili ya ajabu aliyoivaa Makame ilimwachia faida za kukimbia jioni, na hasara yake, kukosa usingizi, ikamhamishia mtu wa nyumbani aliyeridhia. Aliridhia mama yake, Bi Raya. "Mtu mzima halali sana, mwanangu. Nipe mimi."

Kitambi kikaisha. Makame akawa analala fofofo.

Asubuhi moja mama, macho mekundu, alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Makame aliinywa yote.

"Imekolea?"

"Imekolea, mama."

Alijiapiza kuwa leo hakimbii. Jioni alikuta raba zake zimepigwa brashi, zimepangwa mlangoni.

"Jua limepoa, baba. Usichelewe," mama alisema, akipiga miayo.

Makame aliona haya kumtazama. Aliinama, akafunga kamba.