Sauti ya Pili

Kwa mara nyingine mwanamume aliita, na mwanamke hakuitika.

Fundi mitambo wa redio aliusimamisha wimbo, akaurudisha nyuma, akazibana hedifoni kichwani. Wimbo ule nani asiyeujua? Mwanamume anauliza, "Uko wapi, mpenzi?" na mwanamke anaitikia, "Nipo, sijaondoka." Watu wengi walioana kwa wimbo ule. Hata yeye alioa kwa wimbo ule.

Nakala ya mono haikuwa na kasoro. Humo waimbaji na magitaa yao walikuwa wamechanganywa, na kila kitu kilitoka kulia na kushoto sawasawa. Iliyomtia wasiwasi ni nakala ya stereo. Hiyo iliwatenganisha waimbaji, kila mmoja na upande wake, na humo mwanamume aliita peke yake. Pale mwanamke alipotakiwa kujibu, palikuwa kimya.

Kimya cha namna hiyo alikifahamu. Alikuwa nacho nyumbani.

Tangu wahamie nyumba mpya, mkewe aliacha kumjibu. Si mchana. Mchana, wakiwa mezani wanatazamana, waliongea vizuri tu, hata kucheka. Ni usiku. Miaka yote ya ndoa yao walipiga magoti pamoja kabla ya kulala, yeye akaomba, mkewe akasema "Amina." Katika chumba kipya kitanda kiligeuzwa, mkewe akahamia upande wa mlangoni, wakaendelea kupiga magoti bega kwa bega kama zamani. Lakini taa ikishazimwa, Amina haikuja. Aliwaombea watoto, kimya. Aliomba msamaha kwa kosa asilolijua, kimya. Alinong'ona gizani, "Mama watoto, nimekukosea nini?" akaishia kusikiliza pumzi zake mwenyewe.

Asubuhi moja alimuuliza ana kwa ana. Mkewe alimtazama kwa macho yaliyovimba.

"Baba watoto, nikujibu mara ngapi? Nimechoka sasa."

Akaona hicho ni kiburi. Mke aliyemnunia mumewe atabembelezwa, lakini anayekataa kusema Amina amemnunia nani? Alimlilia Mungu ampe ishara. Ishara haikuja, moyo ukachoka, na jana akampigia shemeji yake, kaka wa mkewe, aje na gari leo jioni amchukue dada yake. Mkewe alikuwa bado hajui.

Mkono ulimgusa bega. Aliruka nusura aangushe kiti.

"Nimekuita tangu mlangoni, Mzee," alisema mtangazaji. Ofisi nzima walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukupumzika hata kipindi kikiisha. Jioni ile angewapigia wasikilizaji nakala zote mbili wapime ipi tamu, na alikuja kuuliza kama ziko tayari.

Fundi alimwambia stereo imeharibika, mwanamke hayumo. Kasuku akashangaa. Yeye aliusikiliza asubuhi na mwanamke alikuwemo, mzima wa afya. "Basi umemfuta wewe ulipokuwa unanakili," fundi alimjia juu, "kwa tabia yako ya kushika mitambo huku unapiga soga."

Kasuku alicheka. "Labda amekununia tu, Mzee. Umemfanya nini?"

Fundi hakucheka. Spika za chumba zilikuwa zimezimwa, kwani ng'ambo ya kioo taarifa ya habari ilikuwa hewani. Alibadilisha waya. Alichukua hedifoni nyingine, mpya kabisa, akasikiliza tena. Mwanamume aliita hadi sauti ikamkwaruza, na hakuna aliyemwitikia.

Ee Bwana, alisema moyoni, kumbe ishara ndiyo hii. Hata katika wimbo wetu ameondoka.

Simu ilitikisika juu ya meza. Ni ujumbe wa shemeji. Nimeshafika kwenu, nimeegesha nje. Niingie nimwambie dada afungashe?

Fundi alizivua hedifoni akaziweka pembeni. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaandika, "Ndiyo." Kidole kilibaki juu ya kitufe cha kutuma. Alitaka kwanza kusema sala fupi, akakosa maneno.

Nyuma yake Kasuku alikuwa amezichukua zile hedifoni, amezivaa, amefumba macho. Alianza kuyumba taratibu, kisha akaimba kwa sauti nyembamba ya kuigiza, "Nipo, sijaondoka."

"Acha mzaha," fundi alisema. "Leo sina moyo wa mzaha."

"Mzaha upi? Huyu hapa, anaimba mpaka nywele zinanisimama. Hebu sikia mwenyewe."

Kasuku alisimama mbele yake, uso kwa uso, akazitoa hedifoni kichwani mwake na kumvika fundi vilevile zilivyokuwa, bila kuzigeuza, ya kushoto ikakaa kwenye sikio la kulia.

Mwanamke aliitika. Aliitika kwa karibu, wazi, kama mtu aliyeketi pembeni yake. Nipo, sijaondoka. Safari hii asiyesikika alikuwa mwanamume.

Fundi alizivua, akazigeuza, akazivaa tena kama kawaida. Mwanamke akanyamaza.

Aliiweka simu mezani bila kubonyeza chochote. Mkono wake ukapanda polepole ukaligusa sikio la kushoto, upande ule ambao mkewe hupiga magoti kila usiku.