Mia na Ishirini kwa Themanini

"Futa," shangazi alisema. "Rudia."

Binti alifuta. Ukurasa ule wa daftari ulikuwa umeanza kutoboka kwa kufutwa. Alimfunga shangazi mkanda wa kipimo cha presha mkononi kwa mara ya nne asubuhi hiyo, akavaa stetoskopu, akaminya mpira hadi mshale ukapanda, kisha akaachia hewa taratibu kama walivyofundishwa. Akasikia pigo la kwanza. Akangoja mapigo yanyamaze.

"Mia na tisini na nne kwa mia na kumi," alisema, akijua kitakachofuata.

"Mtu mwenye presha hiyo angekuwa amekaa hapa anakunja nguo? Mimi presha yangu ni mia na ishirini kwa themanini. Ilikuwa hivyo nikiwa mwanafunzi, ikawa hivyo siku niliyostaafu."

Nani wa kubishana naye? Shangazi alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na alipokuwa msimamizi wa wodi hata madaktari waliingia kwake kwa kunyata. Siku hizi masikio yake yalikuwa mazito, asingeweza kuyasikiliza mapigo mwenyewe. Ulimi ndio uliobaki mzima.

Chuoni alikosomea uuguzi kulikuwa na mkono mmoja wa plastiki wa kujifunzia kwa wanafunzi sitini, na zamu ikikufikia ushukuru. Nyumbani walikuwa wawili tu. Basi binti alijifunzia kwa shangazi, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya kuoga, wiki ya sita sasa. Mia na themanini na nane. Futa. Mia na tisini na sita. Futa, na safari hii usilale.

Alibadilisha mkono, akabadilisha kiti. Akaona labda mashine ndiyo mbovu, akaipeleka kwa fundi wa vifaa vya hospitali. Fundi aliijaribu mara mbili, akamrudishia palepale.

"Nzima hii, dada. Labda masikio yako."

Alilia njia nzima ya kurudi, wala hakujali nani anamtazama.

Mtihani wa vitendo ulikuwa na nafasi mbili, na ya kwanza alikuwa ameshaichezea. Siku ile alisikia namba nyingine kwa mgonjwa, akakumbuka jinsi masikio yake yanavyomdanganya kila siku, akaitaja ile ya shangazi. Mia na ishirini kwa themanini. Mkaguzi wa mtihani aliandika sifuri bila kufafanua chochote. Akifeli tena anafukuzwa chuo, na miaka miwili ya kukariri mifupa na dawa inakwenda na maji.

"Shangazi, labda kweli..."

"Labda nini? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Shangazi alichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu. "Na huu mwandiko gani, namba zinacheza ngoma? Umeshanitia maumivu ya kichwa. Tangu uanze kunipimapima, kisogo hakiachi kuniuma."

Binti alilichukua daftari lake. Shangazi ndiye mama aliyemlea, na gauni jeupe la shangazi ndilo lililomfanya autamani uuguzi tangu akiwa mdogo. Lakini asubuhi ile alimchukia, na nusura aitupe mashine dirishani.

Siku ya mtihani shangazi alimsindikiza hadi mlangoni, akashika fremu kuvuta pumzi. Hatua kumi tu kutoka sebuleni.

"Nenda. Na usinitie aibu."

Mkaguzi alikuwa yuleyule, mwanamke mfupi mwenye miwani. Safari hii alibeba stetoskopu ya kufundishia, ile yenye jozi mbili za kuweka masikioni, ili asikie kilekile anachosikia mwanafunzi.

"Wagonjwa watano," alisema. "Sema unachosikia. Sitaki namba za kitabuni."

Binti hakuwa na la kupoteza tena. Kwa wa kwanza alisema mia na kumi na sita kwa sabini na mbili, na mkaguzi akaandika. Wa pili, wa tatu, wa nne, vilevile; mkaguzi aliandika tu bila kuinua uso. Binti hakujua kama zile ni alama au ni sifuri zinapangwa foleni.

Wa tano alikuwa mwanamke mtu mzima aliyelala chali, mdomo umempinda upande mmoja. Binti aliachia hewa. Pigo la kwanza lilikuja mapema mno, juu kabisa, palepale alipozoea kulisikia nyumbani. Ameharibu tena.

"Mia na tisini na mbili kwa mia na nane," alisema. "Samahani, mwalimu. Naomba nirudie."

"Urudie nini?" Mkaguzi alivua stetoskopu, akamvuta kando na kushusha sauti. "Ni hiyohiyo. Huyu mama aliletwa jana akiwa na kiharusi. Alikaa na presha hiyo wiki kadhaa, akidhani ni kuumwa kichwa tu. Vyote vitano umepatia. Una masikio mazuri, binti. Sijui mara ile ulipatwa na nini."

Wenzake walimpigia makofi kwenye korido. Hakuwaona. Alikuwa na simu sikioni, nayo inaita, inaita.

"Haya," shangazi alipokea mwishowe. "Usinifiche. Umefeli tena?"

"Nimefaulu, shangazi," binti alisema, machozi yakimtiririka. "Vipimo vyote vitano. Nakuomba kaa hapohapo ulipo, usiinuke. Nakuja na gari la wagonjwa."