Dakika Tatu za Mama Maren

Saa ya jikoni ilikuwa ikigonga gizani, nami nikirudia maneno yangu kwa kunong'ona, mwanangu Maren asiamke. Lazima yaenee katika dakika tatu nilizopewa kuzungumza barazani.

Jioni iliyofuata nilisimama mbele ya madiwani, nimembeba Maren. Walitaka kufunga kituo cha ambulensi cha mtaa wetu ili kodi ya majengo ishuke.

"Mwanangu ana pumu," nikaanza. "Januari midomo yake iligeuka zambarau kama zabibu, na—"

"Si uhamie hospitali basi, mama!" mtu akadakia nyuma.

Ukumbi ukacheka, madiwani nao wakacheka, na saa yao haikusimama. Kengele ikalia.

"Muda wako umekwisha, dada," meya akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Wanaoafiki kituo kifungwe?"

Mikono yote ya madiwani ikapanda.

"Mama hajamaliza," Maren akasema.