Rangi ya Maji

Shaweji alimshika binti yake kichwa kama daktari alivyomwagiza. Shavu la kushoto la Sikitu lilikuwa limetuna kana kwamba amebana embe changa mdomoni, na majirani walikwishaanza kumtaja kama marehemu.

"Ikija damu, tuna safari ndefu," daktari alimnong'oneza. "Yakija maji ya manjano, ni kifuko cha maji tu ndani ya taya, kinatibika."

Sindano ikazama ufizini. Sikitu akafumba macho, hakulia. Bomba likabaki tupu. Kisha maji yakapanda taratibu, ya manjano, maangavu kama mafuta ya alizeti.

"Tutatoboa kitundu yatoke, mfupa utajijaza wenyewe," daktari alisema. "Mwachie sasa, baba."

Shaweji alisikia vizuri, ila vidole vyake viligoma kufunguka. Sikitu akafumbua jicho moja, akamtazama.