Sindano Mpya

Arobaini ya mkewe ilipopita, Mzee Shekue alifunga sindano mpya kwenye gramafoni, akaiunga na spika alizoletewa na bintiye, Riziki. Kisha akaweka santuri ambayo marehemu alisema aliitikia ndani yake alipokuwa msichana.

“Miaka yote nilimwambia humo alipiga miayo tu,” alisema.

“Baba nawe!” Riziki akacheka.

Kiitikio kilipofika, sauti moja nyembamba ilipanda juu ya nyingine, ikatetemeka mwishoni, kama marehemu alivyoimba akisuka ukili.

“Ni mama,” Riziki alisema.

Sindano hiyo mkewe aliiomba kila Idi, naye alimjibu kwamba ile kongwe inatosha. Wimbo ukaisha. Santuri ikaendelea kuzunguka, na mzee akavuta kigoda, akaegemeza sikio kwenye spika.