Fundi Rangi Ampeleka Mkewe kwa Daktari

"Polepole, mama watoto, usije ukaanguka," fundi rangi alisema, ameegemea ukuta katikati ya ngazi za zahanati, kana kwamba anamngojea mkewe.

Mkewe alikuwa juu tayari, amemshikia mlango.

Fundi hakuwa na raha tangu asubuhi. Wakati wa chai mkewe alimsogezea uso akasema, "Hebu nitazame, wewe si mtu wa rangi? Naona kama nimepauka."

Akamtazama. Kweli, amepauka kama ukuta uliopakwa chokaa mara moja ukaachwa. Moyo ulimlipuka. Alikuwa na nyumba ya watu ya kumalizia, akaiacha na ndoo zake, akanawa mikono juujuu na kumkokota mkewe kwenda kutibiwa.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteleza puani, alimpa mkewe kiti. Fundi alisimama nyuma yake kama wakili.

"Mtu hupauka kwa mengi," daktari alisema. "Huenda damu imepungua, chakula hakina madini ya chuma. Huenda ni malaria, au minyoo. Huenda kuna kidonda tumboni kinavuja taratibu bila mwenyewe kujua. Chakula kinapita?"

"Huyu? Ananishinda mimi," fundi alidakia. "Mimi siku hizi matonge mawili tu, tumbo linawaka moto."

"Dawa za maumivu je?"

"Hata kichwa hakimuumi, daktari. Vidonge ni vyangu, vya mgongo. Navimeza kila siku kabla sijatia kitu mdomoni, ndiyo nguvu ya kazi hiyo."

"Na kizunguzungu?"

"Kizunguzungu ni mimi, nikiwa juu ya ngazi. Jana nusura nishuke na kopo la rangi. Lakini jamani, tumwache mzima, tumshughulikie mgonjwa!"

Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Fundi akadhani analia.

"Usilie," alimnong'oneza. "Ukiniacha mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Daktari aliinamisha kichwa, akaandika, akaendelea kuandika. Kisha akachukua pamba na sindano.

"Tutapima damu kwanza. Kama ni kidonda, tumekiwahi."

"Kaza moyo, mama watoto," fundi alisema, sauti ikimtetemeka. "Haiumi hata kidogo. Kama unaogopa, tazama huku kwangu."

Mkewe akainuka. Alitoa kitambaa, akajifuta paji, mashavu na midomo. Poda yote ikatoka, uso ukang'aa. Akamshika mumewe mabega, akamkalisha kitini taratibu, akaanza kumkunjia mkono wa shati.

"Ningekuambia mgonjwa ni wewe, baba watoto, ungekuja?"