Mkia wa Mpira Mweupe

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Nakuru nyuma, na Jamleck alikuwa anauliza kwa mara ya nne kama kompyuta iko salama.

"Iko, baba! Angalia barabara!" Becky alimpigia kelele kutoka nyuma.

Mashindano ya michezo ya kompyuta yalikuwa Naivasha, saa nane. Mshindi angechukuliwa na chuo, asome bure. Becky hakuwa na mlango mwingine.

Walipofika Mbaruk walisimama wanywe chai kwenye kibanda cha Jepleting. Jamleck akaifungua ile laptopu nyembamba mezani. Miaka kumi na minane alikuwa fundi wa skrini, na hii ndiyo iliyomshinda. Kioo chake kilichora picha upya mara mia mbili na arobaini kwa sekunde. Kitu kikikimbia humo kilipaswa kuonekana wazi, bila ukungu. Lakini kila alipourusha kwenye skrini mpira mweupe wa majaribio, kivuli kiliufuata, hatua moja nyuma. Alibadilisha kioo mara mbili. Akaufanya mwanga uzime na kuwaka kati ya picha na picha. Mkia ukabaki.

Ulianza mwezi ule walipomzika Wanjugu, mkewe. Jamleck hakuwa mtu wa kuogopa wafu, lakini moyoni alishajua ni nani.

"Bado kiko," alisema. "Si unakiona?"

Becky alizungusha kikombe. "Kama unakiona, baba, basi kiko."

"Mama yako hakupenda hii michezo. Amekataa kwenda zake."

"Mama alikuwa anasema tu. Twende, tutachelewa."

Jamleck alijiongezea chai kutoka kwa chupa. Jepleting akaangua kicheko. "Ala, fundi! Unanywesha meza?"

Akapangusa, akalipa. Kabla ya kuwasha pikipiki alimwomba marehemu kimoyomoyo: mwachilie mtoto, hata kama ni leo tu.

Chini, ziwani Elementaita, ndege waliruka, wakaacha mistari ya rangi ya waridi hewani.

Karibu na Gilgil aliona malori mawili yakija yamefuatana. Akapisha la kwanza. La pili akalikwepa kwa kukata kushoto, na mtaro ukawapokea.

Dereva wa lori aliachiliwa siku iyo hiyo. Mashahidi wote walisema hakukuwa na gari lingine barabarani. Kompyuta haikupata hata mkwaruzo. Kijana mmoja, Thuo wa mtaa wa Section 58 kule Nakuru, aliinunua na anashinda mashindano nayo. Mkono wa kulia wa Becky ulivunjika, ukaunga vibaya. Sasa anafunga maua kwenye shamba moja karibu na Kamere, huko Naivasha. Jepleting bado anauza chai. Jamleck alipona mbavu, ila siku hizi hutembea ameshikwa mkono.

Daktari wa macho ndiye aliyeuliza ni nani mwingine aliyewahi kukiona kile kivuli.

"Hakuna," Becky alisema, akitazama sakafu. "Mimi nilikuwa namheshimu tu."